Hisa 6,060 Zisizokuwepo

Programu ya kwanza ya kuchambua hisa niliilipia kwa pesa ya magunia mawili ya dagaa, na haikuwahi kunionyesha hisa hata moja ya Dar es Salaam. Nalisema hili mapema ili asitokee mtu akadhani naandika kama mtaalamu. Mimi nauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Uhasibu nilisoma ngazi ya cheti, zamani sana. Haya mengine nimeyajua kwa kuyalipia.

Kwenye hisa niliingia kwa mirathi. Marehemu baba alikuwa mwalimu Sengerema, na benki ya CRDB ilipouza hisa kwa umma mwaka 2009, kwa shilingi 150 kila moja, alichukua 1,000. Karatasi akaitia kwenye bahasha pamoja na stakabadhi zake za pamba na hakuigusa tena. Alipofariki, ndugu zangu wakasema bahasha ichukuliwe na mimi kwa kuwa ndiye ninayejua biashara. Mahakama ya mwanzo, barua ya usimamizi wa mirathi, dalali wa hisa, akaunti ya CDS ambamo hisa hutunzwa, nisiwachoshe. Hisa zikasomeka kwa jina langu, gawio, ile sehemu ya faida wanayopewa wenye hisa, likaanza kuingia likiwa limeshakatwa kodi yake ya asilimia tano, nami nikaonja utamu wa pesa isiyonuka dagaa.

Aliyeonja haachi. Nikaanza kununua kidogokidogo, halafu nikaanza kujiuliza ninunue lini na niuze lini. Hapo ndipo programu zilipoingia maishani mwangu.

Ile ya kwanza niliiona kwenye simu. Chati zake zilikuwa nzuri jamani, mishumaa ya kijani na nyekundu, mistari ya rangi inapishana kama kanga dukani. Nikalipa kwa kadi, tena nikalipa ya mwaka mzima kwa sababu waliandika kuna punguzo. Usiku huo nikakaa kitandani natafuta CRDB. Hakuna. Nikatafuta NMB. Hakuna. Nikaandika Twiga, ile ya saruji, ikaniletea kampuni ya nchi ambayo sijawahi kufika. New York ilikuwepo yote, London yote. Nilikuwa nimenunua wavu wa sangara, wa inchi sita, mpya kabisa na maboya yake, nikaenda nao kuvulia dagaa. Wavu hauna kosa lolote. Dagaa tu ndio wanapita katikati.

Ya pili naisema kwa aibu. Kijana mmoja mjini aliniuzia programu kwenye fleshi kwa elfu thelathini, akaniapia kwamba ni kamili, leseni yake imeshavunjwa. Kweli ilifunguka. Siku ya tatu laptopu ikawa inavuma feni usiku kucha bila mtu kuigusa, na faili la wadeni wangu likagoma kufunguka. Miezi minne ya madeni ya wateja wa Kongo! Bahati yangu bado naandika kwenye daftari la kaunta, kwa mkono. Tangu siku hiyo programu ya kraki siitaki hata bure.

Aliyenitoa gizani ni mtoto wa dada yangu, anasoma kompyuta chuoni Malimbe na wikiendi huja kwangu kula. Wenzake bwenini wanacheza foreksi, kununua na kuuza fedha za kigeni mtandaoni, kwa hiyo yeye alikuwa anaijua programu yao ya MetaTrader, ile ya nne ya mwaka 2005 na ya tano ya mwaka 2010. Akanieleza kwamba zote zina sehemu ya kujaribu mkakati kwa bei zilizopita, kitu ambacho wao wanakiita bektesti: unaiandikia kanuni yako, inarudi nyuma miaka na miaka, inanunua na kuuza kwa pesa ya kufikirika, mwisho inakuambia ungekuwa na shilingi ngapi.

"Na bei zenyewe inazitoa wapi?" nikamuuliza.

"Kwa dalali uliyeunganishwa naye, mamkubwa."

"Dalali wa wapi?"

Akacheka. Madalali wa foreksi wana dola na yuro na dhahabu. Hisa za soko letu hawana habari nazo.

Swali hilo nililouliza kwa kutojua ndilo nililokuja kuliweka mbele ya mengine yote. Watu huanza kwa kuuliza programu ina indiketa ngapi, yaani vipimo vya kuchambua bei. Mimi siku hizi nauliza kama inakubali kusoma faili langu mwenyewe. Kama haikubali, na hisa zangu hazimo humo ndani, hata iwe inapigwa mswaki kwa maziwa, si yangu.

Basi ikabidi faili hilo tulitengeneze. Soko la Hisa la Dar es Salaam hutoa taarifa ya kila siku ya mauzo, na madalali nao huwatumia wateja wao. Humo mna bei ya kufungua, ya kufunga, ya juu, ya chini, na idadi ya hisa zilizobadilishana mikono. Kampuni zilizoorodheshwa hazifiki thelathini na mimi nafuatilia sita. Tulichukua miaka saba, 2015 hadi 2021. Soko hufanya kazi kama siku 250 kwa mwaka, kwa hiyo kampuni moja ni mistari 1,750 hivi. Unaweza kudhani ni kazi ya jioni mbili. Ilituchukua miezi miwili ya wikiendi, kijana anachapa, mimi nasoma kwa sauti huku nachambua mchele. Mahali pengine aliandika 1,050 badala ya 105, na chati ikaruka juu kama imeumwa na siafu. Mahali pengine tulirudia siku moja mara mbili. Nilimwambia: kama tungetest mkakati kabla ya kusafisha mambo haya, tungetajirika ndani ya wiki moja, kwenye kompyuta.

Kazi ile ya kusoma mistari kwa sauti ndiyo iliyonifundisha soko. Nilikuwa nasema, "Bei 330, zilizouzwa sifuri. Bei 330, zilizouzwa sifuri. Bei 330, zilizouzwa sifuri. Bei 330, zilizouzwa arobaini." Kuna kampuni kubwa zinazouzwa kila siku, lakini kuna nyingine zinakaa hivyo wiki nzima. Bei haibadiliki kwa sababu hakuna aliyenunua wala aliyeuza. Ile ya mwisho inabebwa tu kutoka siku hadi siku.

Tukajaribu kupiga hesabu ya RSI. Hiki ni kipimo cha nguvu ya bei kupanda au kushuka, alichokibuni J. Welles Wilder wa Marekani mwaka 1978, na kwa kawaida huangalia siku 14: wastani wa kupanda unagawanywa kwa wastani wa kushuka, kisha unapata namba kati ya 0 na 100. Tuliifanya kwa wastani wa kawaida kwenye jedwali la LibreOffice, ambalo ni la bure. Nikashuka nalo chini. Namba, namba, namba, halafu safu nzima ikajaa #DIV/0!, #DIV/0!, #DIV/0!. Kijana akadhani amekosea fomula, akaihangaikia nusu saa. Hakuwa amekosea. Kama kwa siku 14 bei haikupanda wala kushuka, unagawanya sifuri kwa sifuri, na jedwali linakataa. Nililipenda kwa hilo. Programu nyingine zikikutana na hali hiyo hukuwekea 50 au 100 kimyakimya, na wewe unaendelea kuamini kwamba umepimiwa kitu.

Sasa nije kwenye jioni yenyewe.

Kijana alikuwa ameandika kanuni rahisi kuliko zote: wastani wa bei ya siku 20 ukiuvuka wa siku 50 kwenda juu, nunua, ukiuvuka kwenda chini, uza. Mtaji milioni mbili. Alikuwa amekaa varandani na laptopu, mimi niko jikoni nageuza samaki. Nikasikia kelele.

"Mamkubwa, njoo uone! Milioni mbili imekuwa milioni tano na laki tatu na themanini!"

Nikatoka na kijiko mkononi. Kweli, mstari unapanda kama njia ya kwenda Bugando kilimani. Programu ilinunua mara 23, ikauza mara 23, miaka saba. Sitadanganya, moyo ulinidunda. Nikaona nyumba ya Buhongwa imeshapauliwa.

Lakini mtu aliyekaa Mwaloni miaka kumi na tisa haamini jumla. Jumla mtu yeyote anaweza kukuandikia. Nikamwambia, "Nionyeshe miamala, mmoja mmoja." Nikakaa, nikavaa miwani, nikachukua kalamu kama nakagua daftari la mpagazi.

Muamala wa nne, siku moja ya Machi 2016. Programu imenunua hisa 6,060 kwa 330. Nikamwambia afungue faili letu, tarehe hiyohiyo, safu ya mwisho.

"Ziliuzwa ngapi siku hiyo?"

"Mia na ishirini."

"Sokoni kote?"

"Sokoni kote."

"Sasa sisi 6,060 tulinunua kwa nani?"

Akanyamaza. Kisha akasema, taratibu, "Yenyewe haiangalii hiyo, mamkubwa. Inachukua bei ya kufunga, inapiga hesabu."

Wageni wa Mwaloni mambo haya hawayajui, basi nieleze. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa sababu taa ndiyo inayowaita. Zamani karabai, siku hizi taa za sola. Mbalamwezi ikikomaa taa haina maana tena, mitumbwi inalala ufukweni siku kadhaa, na shehena za kutoka Ukerewe na visiwani zinakauka. Njoo siku hizo uulize bei ya gunia. Utatajiwa, tena kwa sauti ya kujiamini. Sasa sema unataka magunia sitini, pesa hii hapa. Utaona watu wanavyotazamana. Ile bei uliyotajiwa ni ya mtu wa mwisho aliyenunua gunia moja juzi. Ukitaka sitini, ama husubiri giza, ama bei inakuwa nyingine kabisa. Mimi hilo nalijua tangu nauza kwa kopo. Ila nilipoliona kwenye skrini yenye rangi, nililisahau mpaka muamala wa nne.

Na kuuza ni kubaya zaidi kuliko kununua. Mkakati wetu ulikuwa unatoka kila bei inapoanza kuporomoka, kana kwamba mlangoni kuna mtu anasubiri azichukue hisa zote 6,060 kwa bei ya juzi.

Tulipofika hapo nikakumbuka ada. Stakabadhi zangu za dalali, ukijumlisha kamisheni yake na tozo za soko na za mamlaka, zinafika asilimia mbili na kitu kila upande. Tukaiwekea programu 2.2. Mara 23 kuingia, mara 23 kutoka. Ile milioni tano na laki tatu na themanini ikashuka mpaka milioni moja, laki tisa na hamsini na kitu elfu. Miaka saba ya kuhangaika, na mtaji umepungua kama elfu arobaini na tano. Samaki jikoni wakawa wameshaungua.

Kijana hakukubali kushindwa. Usiku ule alibaki akibadilishabadilisha namba: 10 na 30, 15 na 60, 25 na 100. Alfajiri naamka kwenda mialo, namkuta macho mekundu, anasema amepata: 17 na 43. Hata ukitoa ada, faida ipo. Nikamuuliza kwa nini 17. Hakuwa na jibu. Kwa nini 43? Hana. Alikuwa amejaribu michanganyiko zaidi ya mia mbili, na ukijaribu mia mbili mmoja lazima upendeze, kama vile katika watu mia mbili wanaobashiri mechi, mmoja atapata matokeo yote akaitwa nabii. Nikamwambia akate faili vipande viwili. Mpaka mwisho wa 2018 atafute namba anazozitaka. Kuanzia 2019 asiguse kitu, aangalie tu. 17 na 43 ilipoingia 2019 ilizama kabla haijatoka bandarini.

Nasikia wenye taaluma wana jina lao la ugonjwa huu. Mimi nauita kumshonea nguo mtu mmoja halafu kuwauzia wote.

Kitu kingine tulichokigundua kimekaa kwenye gawio. Kampuni ikishafunga daftari la wanahisa, aliyenunua baada ya hapo hapati gawio la mwaka huo, kwa hiyo bei mara nyingi hujishusha. Kanuni yetu ikaona kushuka huko, ikaogopa, ikauza. Ilikuwa inakimbia kwa sababu pesa imetoka mfuko wa kulia ikaingia wa kushoto! Na kwenye hesabu ya mwisho gawio lenyewe halikuwekwa popote. Kwa mwenye hisa za benki za hapa, kuacha gawio nje ya jaribio ni kama kupima faida ya ng'ombe bila kuhesabu maziwa. Tukaongeza safu ya gawio kwa mkono.

Baada ya jioni ile tulitafuta programu kwa macho mengine. Tulijaribu AmiBroker, ya Windows, ambayo leseni yake hailipiwi kila mwezi. Inasoma faili la maandishi ulilolitengeneza mwenyewe, kanuni unaiandika kwa lugha yake inayoitwa AFL, na inajaribu kampuni zote kwa pamoja kwa mtaji mmoja. Ila nilipoipendea ni mahali padogo kwenye mipangilio yake: unaiambia isinunue zaidi ya asilimia fulani ya hisa zilizouzwa siku hiyo. Aliyeiweka sehemu ile amewahi kusimama sokoni, huyo. Tukaweka kumi. Katika ishara zetu 23, zilizobaki na maana zilikuwa tisa tu.

Ile TradingView ya kwenye kivinjari, yenye lugha yake ya Pine Script, kijana anaitumia kujifunzia, na kwa kuchora sijaona mfano. Lakini inataka intaneti muda wote. Kwangu umeme ukikatika na bando likiisha siku moja, nataka kitu kinachofunguka hivyohivyo.

Mwisho wa yote, mimi nimebaki na jedwali la LibreOffice. Msinicheke. Mistari 1,750 mara sita haifiki hata elfu kumi na moja, na jedwali hilo linabeba zaidi ya milioni. Nauona kila mstari. Nikitilia shaka tarehe, naweka kidole. Kijana yeye amehamia kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, na maktaba yake ya pandas, anasema jedwali ni la wazee. Sawa. Tumekubaliana kila mkakati upimwe kwake na kwangu, kila mtu peke yake, halafu tulinganishe.

Mara ya kwanza tulitofautiana kwa laki nne. Akaniambia nitakuwa nimekosea mimi. Tukashuka mstari kwa mstari mpaka tukaiona: ya kwake ilikuwa inaisoma bei ya kufunga ya leo, inapata ishara, na inanunua kwa bei hiyohiyo ya leo. Wakati soko limeshafungwa! Ya kwangu ilikuwa inanunua kesho yake, kwa sababu mimi sikujua njia nyingine. Ukishaona bei ya kufunga, kununua ni kesho. Aliomba radhi kwa adabu, kisha akaniuliza nimewezaje. Nikamwambia sikuweza, nilikuwa mjinga upande mzuri.

Mkakati tulionao sasa hauna mvuto wa kumsimulia mtu harusini. Unanunua kampuni tatu, mara mbili tatu kwa mwaka, kwa vipande vidogo, na unakaa. Kwenye jaribio unaipita amana ya benki kwa kiasi cha kawaida, baada ya ada. Dada yangu aliponiuliza faida ni ngapi nikamtajia, akasema, "Hiyo tu? Na umeme wote ule mliochoma?"

Oda naziweka mwenyewe kwenye simu, kwa Hisa Kiganjani, ile ya soko lenyewe. Mwezi huu niliweka ya hisa 500 za kampuni moja ndogo, kwa bei yangu, nikaiacha. Siku ya kwanza zikaingia 60. Siku mbili kimya. Kisha 200, kisha 80. Jana jioni zilikuwa zimefika 340. Leo giza limeingia vizuri, mitumbwi inatoka, taa zimeanza kuwaka huko mbele, na alfajiri kuna magunia ya kupokea. Zile 160 zitasubiri.